Mkaguzi Aliyepanda Gari Langu

Mara ya kwanza aliponikataa tulikuwa tumekuja pamoja kwenye gari hilohilo. Nilimchukua langoni kwake, mtaa wa Fedha, akitoka ibada ya kwanza, Biblia mkononi na koti lake la manjano limekunjwa kwapani. Njia nzima alikula maandazi yangu, akasifu mvumo wa injini, akanisimulia habari za mama mmoja aliyemletea cherehani yenye kiota cha panya ndani. Tulipofika uwanjani alishuka, akavaa lile koti, akanitazama kama mtu asiyenijua.

"Panga foleni, binti."

Nikapanga foleni. Zamu yangu ilipofika alifungua boneti, akashika betri kwa mikono miwili, akaitikisa. Ikacheza kidogo, labda upana wa ukucha. Akafunga boneti taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba alicholala mgonjwa.

"Hili halishindani leo."

"Mzee, si tumekuja nalo sote? Umekaa humu ndani dakika arobaini."

"Tulikuja polepole," akasema, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Alasiri nilimrudisha kwake kwa gari hilohilo. Sikumsemesha hata neno. Yeye alilala usingizi mzito kuanzia Ruai, mdomo wazi, na tulipofika langoni akanishukuru kwa lifti.

Sote tulimwita Mkaguzi. Mbele yake tulimwita Mzee, lakini akigeuka tu alikuwa Mkaguzi, hata kwa mke wake, ambaye nasi tulimwita Mama Mkaguzi na akaitika. Kwa kuwa aliishi Fedha, vijana wa klabu walipenda kumtambulisha kwa wageni kama Mkaguzi wa Fedha, na mgeni angenyoosha tai akidhani ameletewa mtu wa hesabu za serikali. Yeye mwenyewe aliupenda mzaha huo. "Fedha naishi tu," angesema. "Sijawahi kuiona."

Nieleze kidogo mbio zetu, maana si kila mtu anazijua. Ralikrosi si ile rali ya kukimbizana na saa msituni. Magari manne au matano huondoka kwa pamoja kwenye duara la vumbi, mizunguko sita, na anayetangulia kumaliza ameshinda. Mnagusana, mnasukumana, mnakula vumbi la aliye mbele. Hakuna kati yetu anayelipwa. Mimi ni karani wa stoo kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi; mwenzangu mmoja ni mwalimu, mwingine anauza matairi. Wengi wetu tuna Subaru za zamani, kwa sababu zinavuta kwa magurudumu yote manne, kwa sababu vipuri vyake huvikosi Eastlands, na tuseme kweli, kwa sababu ya ule mvumo wa injini ambao mtoto wa Donholm anautambua akiwa usingizini. Langu lilikuwa Legacy ndefu ya stesheni wagoni, kuukuu, lililoishi Mombasa miaka mingi kabla halijanifikia. Nilitoa viti vya nyuma, nikaweka kizimba cha mabomba cha kukinga kichwa gari likipinduka, nikalipaka rangi ya samawati. Nililipenda kuliko baadhi ya watu wa ukoo wangu.

Na kati yangu na lile duara la vumbi alisimama mzee mmoja mwenye tochi.

Kazi yake ya wiki haikuhusu magari. Alikuwa na duka la kutengeneza cherehani huko Donholm, chumba chembamba kati ya kinyozi na muuza maziwa, ambamo watu wawili wakiingia wa tatu husubiri nje. Mafundi wa nguo walimletea mashine zao kutoka pande zote, wengine kutoka Majengo, wakizisukuma kwa mkokoteni. Alikuwa na desturi ya kufumba macho anapogusa kitu. Angeweka kidole kwenye gurudumu la cherehani, alizungushe taratibu, uso umeinuliwa kama anayesikiliza mtu wa chumba cha pili, kisha aseme, "Hapa kuna jino limevunjika." Ukifungua unalikuta. Kwenye magari ilikuwa vivyo hivyo. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa mkanda wa usalama toka juu hadi chini, na palipokatika nyuzi mbili tatu kidole kilisimama chenyewe.

"Macho hutafuta," aliniambia siku moja. "Vidole ndivyo vinavyoona."

Vifaa vyake vilikuwa vitatu tu. Tochi, nyundo ndogo ya dukani kwake, na sumaku ya ukubwa wa kipande cha sabuni. Sumaku aliitembeza juu ya bodi ya gari, hasa sakafuni na kwenye kingo za milango. Palipo na chuma hushika. Palipo na fila, ule udongo wa kuzibia mashimo ambao fundi akishaupaka rangi huwezi kuutofautisha na bodi, sumaku huteleza na kuanguka. Ikianguka, umekwisha. Hakuna maneno ya kumwambia. "Sumaku haina jirani," angesema, akiiokota.

Aliniangusha kwa betri, kama nilivyosema. Akaniangusha kwa helmeti iliyokuwa na ufa mwembamba kama unywele, ufa ambao mimi mwenyewe sikuuona hata alipouwekea kidole. Akaniangusha kwa mafuta: alitandika gazeti chini ya injini, akaniambia niiache ingurume kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, akarudi, akakuta matone mawili. Matone mawili. Vijana walikuwa wamekaa juu ya matairi wakitazama, na mmoja akaniita, "Niaje madam, mzee amekutema tena?"

"Amenitema."

"Huyo buda ni noma. Pole."

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba sikuwa na pa kuweka hasira yangu. Angekuwa ananionea, ningelalamika. Angekuwa anapendelea, ningemshtaki. Lakini siku ambayo mwenyekiti wa klabu alileta wageni waliotaka kutusaidia kwa matairi, na mwenyekiti mwenyewe akiwa dereva wa mbio ya kwanza, Mkaguzi alipiga magoti kando ya gari la mwenyekiti, akagonga mara tatu, akasimama na kusema, "Hili pia halishindani." Wageni walicheka wakidhani ni mzaha. Mwenyekiti hakucheka. Wala hakushindana.

Ungedhani mtu wa namna hiyo anaishi kwa tahadhari. Hata kidogo. Alipanda bodaboda bila helmeti, ameketi upande kama wanawake wa zamani, cherehani ya mtu mapajani. Barabara ya Outer Ring aliivuka huku chini, mbele ya malori, huku daraja la waenda kwa miguu likiwa juu ya kichwa chake. Tangi la maji la nyumbani kwake lilikaa juu ya vyuma vilivyopinda kiasi kwamba sikuwahi kuegesha gari upande ule. Birika lao la umeme lilikuwa na waya uliofungwa kwa kitambaa. Siku moja nililigusa likanipiga shoti.

"Mzee, na hili je?"

"Hilo halishindani," akasema, akanimiminia chai.

Miwani yake ilishikwa kwa uzi wa nailoni. Alikuwa na gari lake mwenyewe, Subaru Leone ya kale kuliko zote nilizowahi kuona, chini ya turubai kando ya nyumba. Kila Jumamosi aliliwasha, akalisikiliza, akalizima. Sikuwahi kuliona likitoka langoni. Nilipomuuliza kwa nini, alisema halijafikia kiwango. Nikamuuliza kiwango cha nani. Akarudishia turubai.

Na ukarimu alikuwa nao, ila ulikuja siku usiyoutaka. Akikukataa Jumapili, Jumanne jioni utamkuta kwenye maegesho ya ploti yenu, amekunja suruali, na mfuko wake wa spana. Ndiye aliyenifundisha kutoa hewa kwenye breki. Ndiye aliyenifundisha kusikiliza injini ya Subaru, ambayo pistoni zake hulala ubavu na kupigana ngumi badala ya kuruka juu na chini, na kujua kwa mlio tu ni upande upi unaochelewa. Alinionyesha pia kazi yake ya ukaguzi, hatua kwa hatua: anaanzia wapi, sumaku anaiweka wapi, mlio wa chuma kizima ukoje na wa bati tupu ukoje. Alinifundisha hayo kwa sababu alitaka niwe mkaguzi baada yake. Hakuwahi kuniambia hivyo. Mama Mkaguzi ndiye aliyeniambia, na nilicheka. Mimi nilitaka kushindana.

Sasa niseme nililolifanya.

Wenzangu wa ofisini walikuwa wamesikia habari za Subaru yangu miaka nenda miaka rudi. Mwishowe wakakubali kuja kunitazama, watu tisa, na pilau kwenye sufuria, na watoto. Siku hiyo ndiyo ya yale matone mawili ya mafuta. Walikaa juani toka asubuhi hadi saa tisa wakitazama watu wasiowajua wakishindana, na mimi nimekaa nao, nimevaa ovaroli ya mbio, nikila pilau. Hakuna aliyenicheka. Heri wangenicheka. Jumatatu mkuu wangu wa stoo aliniambia kwa upole, "Mwende, kila mtu ana kitu cha kujifurahisha." Nilikwenda chooni nikakaa humo mpaka nikatulia.

Nikawaalika tena. Niliapa kwamba mara hii wataniona mbioni hata mbingu zianguke. Nilibadilisha betri, helmeti, mabomba ya mafuta, kila kitu alichowahi kukitaja na vingine ambavyo hakuvitaja. Alhamisi ya wiki yenyewe mvua ilinyesha, maji yakaingia ndani ya gari, nikainua zulia nilianike. Chini ya kiti cha dereva, karibu na mlango, pale bolti la mkanda wa usalama linapofungwa sakafuni, kulikuwa na kutu. Nikaichokoa kwa bisibisi. Bisibisi ikazama kama kwenye ugali. Chumvi ya Mombasa ilikuwa imekula chuma kutoka chini miaka yote ile, na mimi nilikuwa nikipiga rangi juu.

Ijumaa nikalipeleka kwa Abdi, fundi wa bodi mwenye karakana karibu na Majengo, mtu niliyemwamini kuliko mafundi wote. Alilala chali chini ya gari, akatoka akijifuta mikono.

"Hapa ni kukata. Sakafu hii yote itoke, niweke bamba jipya, nichomelee. Niachie wiki moja."

"Nashindana Jumapili, Abdi."

"Basi hushindani."

"Ziba tu kwa sasa. Wiki ijayo nitakuletea ukate."

"Mwende, mahali mtu anafungiwa mkanda mimi sizibi. Wallahi sizibi. Tafuta mwingine, na usimwambie umetoka kwangu."

Sikutafuta mwingine. Nilifanya mwenyewe, Jumamosi mchana, kwenye maegesho ya ploti yetu, watoto wakiruka kamba ya bladda pembeni. Nilijaza shimo kwa fila. Lakini fila pekee ingeangusha sumaku, na hilo nililijua vizuri, kwa hiyo nilikata kipande cha bati la mkebe wa mafuta ya kupikia nikakigandisha juu, ili sumaku ipate cha kushika. Nyuma ya bati nilishindilia fila zaidi, ili nyundo ikigonga lisilie kama debe. Nikapiga msasa. Nikapaka rangi mara tatu. Kisha nikatoa sumaku kwenye spika mbovu ya redio, nikaijaribu. Ikashika. Nikagonga kwa kishikio cha bisibisi. Mlio ukawa mzito, mlio wa chuma kizima. Sitasema nilijisikia vibaya. Nilijivunia.

Jumapili nilimchukua langoni kama kawaida. Alikaa kando yangu akiimba chini kwa chini wimbo wa kanisani, akafunga mkanda wake, ambao ulikuwa mzima, na tukaenda.

Foleni ilikuwa fupi siku hiyo. Alikagua kila kitu bila haraka. Betri, helmeti, gazeti chini ya injini. Halikupata hata tone moja. Kisha akapiga magoti upande wa dereva, akamulika tochi.

"Rangi mpya hapa."

"Ilikuwa imechubuka, Mzee. Nimepaka tu."

"Na chini yake?"

"Chini yake ni sawa."

Akaweka sumaku. Ikashika. Akagonga mara mbili. Akafumba macho na kupitisha kidole, polepole, kwenda na kurudi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikitazama kisogo chake, mvi zilizokatwa vizuri na kinyozi wa jirani yake, na nilikuwa nikimwambia moyoni, simama, simama, inuka. Akainuka, ameshika mlango ili asianguke. Akabandika stika ya kijani kwenye kioo.

"Ukiamua kufanya kazi, unaifanya," akaniambia. Hakuwahi kuniambia neno kama hilo.

Mzunguko wa tatu nilikuwa wa pili. Wenzangu wa ofisini walikuwa ukingoni wakipunga leso. Kwenye kona ya kushoto gari la nyuma liligusa gurudumu langu la nyuma, jambo la kawaida, halina ubaya, na gari langu likapanda ukuta wa udongo na kupinduka. Nakumbuka anga, kisha vumbi, kisha anga tena. Katikati ya hayo nilisikia kitu kikichanika karibu na nyonga yangu, na mkanda uliokuwa umenibana ukalegea kama kamba iliyokatwa. Kizimba kiliokoa kichwa changu. Bega liligonga mlango na mtulinga ukavunjika mara mbili.

Yaliyofuata nilisimuliwa, maana mimi nilikuwa tayari kwenye gari la wagonjwa. Mwenyekiti aliokota lile bolti, bado limeshikamana na kipande cha sakafu chenye ukubwa wa sahani, kutu tupu na fila. Akauliza, "Nani alipitisha gari hili?"

"Mimi," akasema Mkaguzi.

Wengine wakamtetea. Wakasema magari ya zamani yana siri zake, kwamba mwenye gari wa kwanza ndiye aliyeziba, kwamba hata mimi nilikuwa nimedanganywa nilipolinunua. Mkaguzi hakubishana. Alivua koti la manjano, akalikunja, akaliweka mezani, akaomba mtu amrudishe Fedha.

Siku ya tatu alikuja hospitalini na mke wake, na machungwa, na uji kwenye chupa. Mama Mkaguzi alikwenda kumtafuta muuguzi kuhusu mto wangu, tukabaki wawili. Alikuwa ameketi na kofia magotini.

"Binti, nisamehe. Sikuona."

Nilikuwa na nafasi yote duniani. Hapakuwa na mtu kwenye kitanda cha pili. Mdomo ulikuwa wangu.

"Si kitu, Mzee," nikasema. "Ajali haina kinga."

Nilimsamehe. Hebu fikiria. Nilimsamehe mtu yule.

Hakurudi uwanjani. Klabu ilimtafuta mara mbili, akakataa. Baada ya muda nikaona duka lake limefungwa. Nikajiambia ni uzee, ni magoti, ni wateja siku hizi wananunua mashine mpya za bei nafuu. Kila siku niliposhuka kazini nilipita mbele ya kufuli lile, na kila siku nilikuwa na sababu mpya. Na jambo ambalo naona haya kulisema ni kwamba nilimkasirikia. Nilimkasirikia kwa kuniamini. Aliwakataa wote, alimkataa mwenyekiti mbele ya wageni, kwa nini mimi aliniamini? Si angeingiza bisibisi tu? Si angesema halishindani? Miezi kumi na nane nilitembea na hasira hiyo, na bega linalouma kila mvua ikikaribia.

Aliyeikatisha ni Abdi. Nilipeleka kwake gari la ofisi lililogongwa taa. Alimaliza kazi, akafunga sanduku lake.

"Mzee wako hafungui duka," akasema.

"Amezeeka."

"Hajazeeka. Nilimpelekea cherehani ya mama yangu nyumbani. Aliishika, akanirudishia, akasema hawezi tena kujua anachogusa." Akanitazama usoni. "Watu waliniuliza kama ni mimi niliyeziba gari lako. Nilisema siyo, sikusema ni nani. Nilifikiri wewe utasema. Mimi nimengoja, Mwende, nimechoka."

Ya klabuni yalikuwa mafupi: nilisimama mbele ya madereva, nikasema, nikafungiwa misimu miwili, na gari nikaliuza kwa vyuma chakavu. Lakini kabla ya klabu nilikwenda kwake.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Alikuwa barazani, redio iko chini, na Mama Mkaguzi akichambua ndengu kwenye ungo. Walifurahi kuniona. Alitaka kujua bega linaendeleaje. Nikakaa kwenye stuli, nikasema yote kwa mkupuo, bila kumtazama, kuanzia bisibisi iliyozama hadi rangi mara tatu. Nilipomaliza, redio ilikuwa ikitoa habari za vifo, na hakuna aliyeizima.

"Bati la nini?" akauliza.

"La mkebe wa mafuta ya kupikia."

"Ukaligandisha na nini?"

Nikamwambia.

"Na mlio? Niligonga. Bati lingelia."

"Nilishindilia fila nyuma yake. Unakumbuka ulinionyesha tofauti ya mlio."

Akatikisa kichwa kidogo, kama fundi anayesikia kazi ya fundi mwenzake. Kwa nukta moja nilidhani atacheka, na kwamba tumepona. Kisha uso wake ukabadilika.

"Nilikuuliza," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Nilikuuliza na chini yake kuna nini. Ukanijibu."

"Ndiyo."

"Nikaja hospitalini nikakuomba msamaha."

Mama Mkaguzi aliweka ungo chini. Hakupandisha sauti, na hakuwa akiniambia mimi hasa. Alikuwa akiangalia mikono ya mume wake.

"Mwaka mmoja na nusu namkata kucha mtu huyu," akasema. "Aliniambia vidole vyake vimekufa, atajikata nyama bila kujua. Chai namjazia nusu kikombe. Vifungo vya shati namfunga mimi."

Mkaguzi alikuwa amefungua viganja vyake juu ya magoti, anavitazama. Alisugua kidole gumba juu ya kidole cha shahada, taratibu, kwenda na kurudi. Kisha akakisugua tena.

"Mzee, nitakwenda klabuni nitawaambia," nikasema. "Nitawaambia wote."

"Utakwenda."

"Na nataka kukuomba..."

"Usiniombe kitu leo," akasema. "Nikikujibu leo nitakutukana, na sijawahi kumtukana mtoto wa jirani. Nenda nyumbani."

Akasimama, akaingia ndani. Nikabaki barazani na Mama, ambaye hakuniangalia, kisha naye akanyanyuka akamfuata. Nilisikia droo ikivutwa, na nyingine.

"Ufunguo wa duka uliuweka wapi?" sauti ya Mzee ikauliza.

"Ulinipa mimi? Hukunipa mimi. Tazama kwenye koti la kijivu."

"Nimetazama."

"Basi juu ya kabati."

Kiti kikaburutwa. Kitu cha bati kikaanguka, vijisarafu au misumari ikatawanyika sakafuni, na nikamsikia Mzee akisema ngoja, nitaviokota mwenyewe, usiguse, niache mimi. Nilikuwa nimekwisha kuinuka. Nilitaka kuingia niwasaidie kutafuta. Nikasimama pale mlangoni kwa muda mrefu, mguu mmoja ndani, nikingoja mmoja wao aniite, na walikuwa wakiendelea kutafuta.